Pikapu kuukuu na trela: breki kwanza, injini baadaye

Pikapu iliyotengenezwa miaka ya 1990 bado ni mali yenye heshima huko Nyarusange, iwe ile ya Gitega au ile ya Muyinga. Hubeba maharage, ndizi, viazi, matofali, na mara nyingine hata maharusi. Kwa kuwa mafuta yamekuwa adimu nchini kwa miaka kadhaa sasa, mwenye gari la aina hiyo ana haki ya kujiuliza: kwa nini nisifunge trela nyuma, mzigo wa safari mbili nikaupeleka sokoni kwa safari moja?

Jambo hilo linawezekana. Hata hivyo, wengi wanaokwenda gereji kwa shabaha hiyo huanza kwa kuulizia nguvu ya injini. Mpangilio ulio salama ni kinyume chake: gari liwezeshwe kwanza kusimama, kisha kubeba, na mwisho ndipo lisaidiwe kuvuta. Injini dhaifu itakuchelewesha mlimani. Breki dhaifu hazitakupa nafasi ya pili mteremkoni.

Kikomo kilichowekwa na kiwanda

Kitabu cha gari hutaja uzito wa juu wa trela isiyo na breki, wa trela yenye breki, na wa gari na trela kwa pamoja. Viwango hivyo vimezingatia fremu, ekseli, breki, gia na rejeta kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuongeza springi hakumpi mtu ruhusa ya kuvipita. Maboresho ya gari kuukuu yana kazi moja hasa, nayo ni kulirudisha karibu na uwezo liliotoka nao kiwandani. Iwapo kitabu kimepotea, tafuta cha gari la aina na mwaka uleule. Usikadirie kwa macho.

Kusimama

Tuchukue mfano. Pikapu yenye mzigo ina uzito wa kilo 2,200, na trela yake kilo 1,200. Jumla ni kilo 3,400. Msafara huo ukishuka mteremko wenye kimo cha mita 500, nishati inayopaswa kuzuiwa inatosha kuchemsha takriban lita 50 za maji ya baridi. Sehemu yake humezwa na injini, matairi na upepo. Inayobaki huwa moto ndani ya breki. Na mita 500 si nyingi: kutoka Bugarama hadi Bujumbura barabara hushuka zaidi ya mita 1,300.

Breki zikipata moto kupita kiasi, mambo mawili hutokea. Kwanza, lainingi hupoteza ukamataji wake. Pili, mafuta ya breki huweza kuchemka, na kanyagio likazama hadi chini bila gari kusimama. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kuyabadilisha yote, pamoja na mipira iliyopasuka na lainingi zilizokwisha, ndiyo hatua ya kwanza, tena ya gharama nafuu.

Hatua ya pili ni breki za trela yenyewe. Katika Umoja wa Ulaya, trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750, mzigo ukiwemo. Kwa barabara za milimani kiwango hicho ni kipimo kizuri hata kwetu. Kwa pikapu kuukuu inafaa breki ya kusukumwa: gari linapopunguza mwendo, trela huisukuma sehemu ya kiungio, na msukumo huo hukaza breki za magurudumu yake. Aina hii haihitaji umeme wala mabadiliko katika breki za gari.

Kubeba

Trela iliyopakiwa vizuri hukandamiza kiungio cha gari kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake. Uzito huo ukipungua mno, trela huanza kuyumba kama mkia; ukizidi mno, magurudumu ya mbele ya gari huwa mepesi na usukani hupoteza utii. Njia ya kupima ni rahisi: weka kichwa cha trela juu ya mzani wa kupimia magunia, kwenye kimo kilekile kitakachokuwa nacho kikifungwa garini. Trela ya kilo 1,000 ionyeshe kilo 100 hivi. Ikiwa pungufu, sogeza mzigo mbele. Ikizidi, urudishe nyuma.

Kilo hizo 100 ni sehemu ya mzigo wa pikapu, na kwa kuwa ziko nyuma ya ekseli, hufanya kazi kama wenzo. Tuseme kiungio kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili zimeachana kwa mita 2.85. Ekseli ya nyuma itaongezewa kilo 142, na ya mbele itapunguziwa 42.

Ndiyo maana watu huongeza chuma kwenye springi. Lakini hapa pana mtego usiojulikana na wengi. Pikapu nyingi za zamani zina vali ya breki iliyounganishwa kwa mkono wa chuma na ekseli ya nyuma. Nyuma ya gari ikididimia, vali hutambua kuwa kuna mzigo na kupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Springi ngumu zikiinua nyuma ya gari, vali hudhani gari ni tupu na kupunguza nguvu hiyo, wakati ambapo inahitajika zaidi. Fundi akiongeza springi, mwombe arekebishe vali pia.

Kiungio kifungwe kwa boliti kwenye fremu yenyewe, si kwenye bampa. Kabla ya hapo fremu isafishwe na kugongwa kwa nyundo, sehemu baada ya sehemu, ili kutafuta kutu iliyojificha. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya kiungio kwa kupishana, ili kichwa cha trela kikichomoka kidakwe kabla ya kugusa barabara.

Kuvuta

Sasa tuje kwenye injini. Dizeli isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kimo, kwa sababu hewa ni nyepesi. Katika nyanda za Gitega na Muyinga, penye mita 1,500 na zaidi, injini ya nguvu farasi 90 hubaki na 76 hivi. Hivyo kila kinachozuia hewa ni adui: chujio lililojaa vumbi, bomba la moshi lililoziba, nozeli zilizochoka.

Kufunga turbo kwenye injini ambayo haikutengenezwa nayo huvutia, lakini hewa ya ziada huleta nguvu pale tu mafuta yanapoongezwa, na mafuta ya ziada huleta joto ambalo pistoni na kichwa cha injini havikuandaliwa kulistahimili. Fedha hizo zina faida kubwa zaidi zikitumika kwenye rejeta, feni, pampu ya maji na klachi. Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Kwa kimo chetu maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ni shinikizo linaloshikwa na mfuniko huo ndilo linalozuia injini isichemshe mlimani.

Jihadhari pia na matairi makubwa kuliko ya kiwanda. Yanapendeza, lakini hufanya kila gia kuwa nzito zaidi, na gari hupoteza uvutaji uleule unaoutafuta.

Barabarani

Pikapu nyingi zilizoingia kutoka Japani zina usukani wa kulia, ilhali Burundi tunaendesha upande wa kulia. Dereva wake huona kwa shida gari linalomjia anapotaka kupita lingine, na trela huongeza urefu wa msafara. Vioo virefu vya pembeni ni vya lazima, na subira ni ya lazima zaidi. Taa za trela ziunganishwe na kujaribiwa kabla ya kila safari. Mteremkoni, shuka kwa gia ambayo ungepandia mlima huohuo. Trela ikianza kuyumba, achilia mafuta taratibu na ushike usukani umenyooka. Usikanyage breki kwa ghafla.

Kabla ya safari ya kwanza, iulize kampuni ya bima kama trela imo katika mkataba wako, nayo ikujibu kwa maandishi.

Mwisho, fanya hesabu. Safari moja yenye trela hutumia mafuta mengi kuliko safari moja bila trela, ingawa kwa kawaida ni pungufu ya safari mbili. Ikiwa breki mpya, kiungio na rejeta vitagharimu zaidi ya mafuta utakayookoa msimu mzima, basi safari mbili ndizo rahisi zaidi, na hakuna aibu katika kurudi mara ya pili.