Nilivyougua Kroatia nikafunzwa isimu upya

Wahenga walinena kwamba aisifuye mvua imemnyea. Mimi nimefundisha isimu kwa miaka mingi, na kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba tofauti baina ya lugha na lahaja haimo katika maneno bali katika siasa. Mfano nilioupenda zaidi ulikuwa wa lugha za Yugoslavia ya zamani. Nilikuwa nikiusimulia kwa madaha, kama mtu anayesifu mvua akiwa ndani ya nyumba. Mwezi wa Novemba 2023 mvua hiyo ilininyea.

Nilikwenda Kroatia pamoja na dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi nchini Ujerumani. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka sita. Kwa kuwa Kroatia iliingia katika eneo la Schengen na kuanza kutumia sarafu ya yuro tarehe 1 Januari 2023, tuliona ni rahisi tukutane huko, tuanzie Zagreb, tushuke pwani hadi Split na kumalizia Dubrovnik. Yeye alitaka kuiona bahari. Mimi, nikiri ukweli, nilitaka kusikiliza jinsi watu wanavyozungumza.

Siku ya pili mjini Zagreb koo lilianza kuniwasha na mifupa ikawa mizito. Dada alimsimamisha mzee mmoja karibu na uwanja wa Ban Jelačić akamuuliza iliko 'apoteka', maana kwa Kijerumani duka la dawa huitwa 'Apotheke'. Mzee alituelekeza kwa upole, ila kabla ya kuondoka aliinua kidole kama mwalimu na kutamka polepole: 'ljekarna'. Nilifurahi kama mtoto aliyeokota shilingi. 'Apoteka' ndilo neno linalotumika Serbia, na 'ljekarna' ndilo la Kroatia. Kwenye daftari langu tayari nilikuwa na orodha ya jozi kama hizo: mkate ni 'kruh' kwa Mkroatia na 'hleb' kwa Mserbia, elfu ni 'tisuća' kwa huyu na 'hiljada' kwa yule, gari la moshi ni 'vlak' huku na 'voz' kule. Dada aliniangalia nikiandika huku nikitetemeka, akasema, "Kaka, wewe waugua na bado wakusanya maneno?" Sikumjibu.

Kesho yake tulipanda basi kwenda Split, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Barabara hiyo huvuka mlima Velebit kwa kupita ndani yake, katika handaki la karibu kilomita 6 liitwalo Sveti Rok. Upande wa bara tuliacha ukungu na baridi, na tulipotokeza upande wa pili tukakuta jua na harufu ya bahari. Sveti Rok ni Mtakatifu Roko, ambaye Wakatoliki humwomba awakinge na tauni. Nilimwambia dada kwamba bila shaka mtakatifu huyo angeniangalia. Aligusa paji langu la uso asicheke.

Mjini Split tulipanga chumba kwa mama mmoja wa makamo, mjane, si mbali na kasri ambalo mfalme Diocletian wa Roma alijijengea mwanzoni mwa karne ya 4, na ambalo hadi leo watu wanaishi ndani yake. Mama huyo alijua Kijerumani. Mumewe alikuwa mmoja wa vibarua wengi waliokwenda Ujerumani Magharibi baada ya Yugoslavia kutia sahihi mkataba wa kazi na nchi hiyo mwaka 1968. Basi mazungumzo yetu yalipita kwa dada. Jioni ile, mezani, nilifanya kosa ambalo mpaka leo linanisuta. Nilimtaka dada amwambie mwenyeji wetu kwamba, kwa mtazamo wa sayansi, Kikroatia na Kiserbia ni lugha moja.

Dada alinitazama. "Hilo silitafsiri, kaka," akasema.

Nikajisaidia kwa maneno machache niliyokuwa nayo: 'isti jezik', lugha ile ile. Mama aliweka kikombe chake juu ya meza, akasimama, akatuaga kwa adabu na kwenda kulala. Ilikuwa bado saa mbili za usiku.

Tafadhali, msomaji, usinielewe vibaya. Nilichosema hakikuwa uzushi. Mwaka 1850 wasomi wa Kikroatia na wa Kiserbia walikutana mjini Vienna wakakubaliana kuijenga lugha moja ya fasihi juu ya lahaja ya Kishtokavia. Mwaka 1954, katika mji wa Novi Sad, ikatangazwa tena kwamba lugha ni moja yenye vituo viwili, Zagreb na Belgrade. Lakini mwaka 1967 asasi na waandishi wa Kroatia walitoa azimio wakidai lugha yao iwe na jina lake na hadhi yake, kwa sababu waliona kwamba neno 'moja' lilimaanisha kumezwa na Belgrade. Vita vilipozuka mwaka 1991, lugha nayo ikagawanywa. Leo kuna majina manne: Kikroatia, Kiserbia, Kibosnia na Kimontenegro. Wenye majina hayo manne huelewana bila mkalimani. Kinyume chake, ndani ya Kroatia yenyewe neno la kuulizia 'nini' hutofautiana, ni 'što', 'kaj' au 'ča', kulingana na eneo, na Mkroatia wa kisiwani akizungumza lahaja yake tupu aweza kumtatiza Mkroatia wa Zagreb kuliko Mserbia anavyomtatiza. Hayo yote niliyajua. Nilichokuwa sijui ni nani niliyekuwa nikimwambia.

Usiku ule homa ilipanda. Kiasi cha saa tisa za usiku nilikuwa nikiweweseka, na kifua kilikuwa kikiuma kila nilipovuta pumzi. Dada aliogopa jambo moja hasa. Wiki mbili kabla ya safari nilikuwa nyumbani kwetu Kakamega, na muuguzi yeyote aliyekulia magharibi ya Kenya anajua kwamba homa ya mtu aliyetoka huko haiitwi mafua mpaka damu ipimwe. Alibisha mlango wa mama yule. Mama alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akatuwasha gari mwenyewe na kutupeleka 'hitna', yaani kitengo cha dharura. Njiani hakusema neno lolote kuhusu mazungumzo ya jioni.

Katika chumba cha daktari tuliunda mnyororo ambao sitausahau. Nilisema kwa Kiswahili nilivyojisikia. Dada akakigeuza kuwa Kijerumani. Mama akakigeuza Kijerumani hicho kuwa Kikroatia, na muuguzi mzee wa zamu akaandika. Majibu yalirudi kwa njia ile ile, kiungo kwa kiungo. Swali moja tu lilinifikia bila ya mkalimani. Muuguzi aliinama akaniuliza, 'Gdje vas boli?' Unaumwa wapi? Nikaweka mkono kifuani na kusema, 'Boli me ovdje.' Naumwa hapa.

Neno hilo, 'boli', halikuwa katika orodha yangu. Halikuwamo kwa sababu halina jozi. Mkroatia, Mserbia, Mbosnia na Mmontenegro wote wakiumwa husema 'boli'. Nilikuwa nimezunguka nchi nzima nikitafuta maneno yanayowatenganisha watu wale, na neno la kwanza nililolihitaji kwa dhati likawa miongoni mwa yale yasiyotenganisha mtu.

Damu ilipimwa, na malaria haikuonekana. Ilikuwa homa ya mapafu, bado changa. Daktari kijana alielewa hofu ya dada, akatukumbusha kwamba Kroatia nayo iliwahi kuujua ugonjwa huo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Robert Koch, mwanasayansi yule yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, ndiye aliyeongoza kazi ya kuitokomeza malaria katika visiwa vya Brijuni. Tulipotoka, mama alitoa uchunguzi wake mwenyewe: nilikuwa nimepigwa na 'propuh', upepo upitao baina ya madirisha mawili yaliyo wazi, adui mkubwa wa kila kaya katika nchi ile. Nilitabasamu kwa mara ya kwanza. Marehemu nyanya yetu alikuwa na imani ile ile kuhusu upepo, na neno malaria lenyewe katika Kiitalia cha zamani maana yake ni hewa mbaya.

Nililala siku nne. Bahari ambayo dada alitamani kuiona aliitazama kupitia dirisha la chumba cha mgonjwa, wala hakunilaumu. Kila asubuhi mama aliingia na sinia na kutaja kila kilichokuwamo, kama anayemfundisha mtoto. 'Čaj', na herufi ile husomwa 'ch', basi nikasikia chai. 'Limun', nikasikia limau. 'Šećer', nikaonjeshwa sukari. Alinionyesha saa ya ukutani ili nijue wakati wa kumeza dawa, akaiita 'sat'. Alipotoka kwenda dukani alisema anakwenda 'dućan'. Nilicheka hadi nikakohoa. Waturuki walitawala kwa karne nyingi sehemu kubwa za Balkani, wakaacha huko 'saat' na 'dükkân', maneno waliyokuwa wameyapata kwa Waarabu. Waarabu hao hao ndio waliotuachia sisi saa na duka katika mwambao wetu. Neno moja lilisafiri kaskazini, pacha wake akasafiri kusini, na sasa walikuwa wamekutana kitandani kwangu.

Siku ya nne mama aliketi kando ya kitanda akazungumza na dada kwa muda mrefu. Dada alinitafsiria yote, safari hii bila kusita.

Mama yule alizaliwa Vukovar, mashariki ya nchi, kwenye mto Danube. Mwaka 1991 mji huo ulizingirwa na jeshi la Yugoslavia na wanamgambo wa Kiserbia kwa siku 87, hadi ulipoanguka tarehe 18 Novemba. Yeye alizipitisha siku hizo katika vyumba vya chini ya ardhi. Alinusurika, akafika Zagreb akiwa mkimbizi. Siku moja sokoni aliuliza bei, na badala ya kusema 'tisuća' akasema 'hiljada', kama alivyozoea kusema kwao tangu utotoni. Mwuzaji alimkazia macho akamwuliza yeye ni wa upande gani. "Niliogopa mabomu yao," alisema mama, "kisha nikaogopa kinywa changu." Tangu siku ile amekuwa akipima kila neno kabla ya kulitoa. Ndiyo maana aliweka kikombe mezani. Lugha niliyoichambua kama mzoga katika maabara ilikuwa imemjeruhi mara mbili, mara moja na waliodai kuwa ni moja na mara nyingine na waliodai kuwa ni mbili.

Nilimwomba radhi. Alisema nile supu yangu, ambayo Wakroatia huiita 'juha', kisha akaongeza kwa jicho la utani kwamba nikipenda naweza kuiita 'supa'.

Tulipoendelea na safari kwenda Dubrovnik tulivuka daraja la Pelješac, lililofunguliwa mwaka 2022, lenye urefu wa takriban mita 2,400. Kabla ya hapo msafiri wa barabara alilazimika kuingia Bosnia na Hercegovina na kutoka tena ndani ya kilomita chache, akipita mipaka miwili ili afike sehemu nyingine ya nchi ile ile. Ndani ya basi nilijiuliza nimeondoka na nini.

Kwanza, mwanaisimu hana haki ya kumwambia mtu lugha yake iitwe nani. Yeye aeleze inavyofanya kazi, na jina awaachie wenyewe. Pili, na hapa siwaonei haya wanasiasa, dola nayo haina haki ya kugeuza msamiati kuwa kituo cha ukaguzi. Mwaka 2013, mabango ya ofisi za umma yaliyowekwa Vukovar kwa hati mbili, ya Kilatini na ya Kisirili, kama sheria ya watu wachache ilivyotaka, yalivunjwa kwa nyundo. Najua uchungu uliozishika nyundo hizo. Hata hivyo, herufi hazikuua mtu. Na wapo wanaotafuta njia nyingine: mwaka 2017 wasomi na waandishi kutoka nchi zote nne walitangaza mjini Sarajevo kwamba lugha yao ni ya pamoja, na kila taifa lina uhuru wa kuiita litakavyo. Msimamo huo ningeutia sahihi leo, jambo ambalo kabla ya safari ningelifanya kwa majivuno na sasa ningelifanya kwa unyenyekevu.

Nasi Wakenya tusijifanye watazamaji. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 palikuwa na vizuizi barabarani ambako lafudhi ya msafiri ilitosha kuamua kama atapita au la. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika wiki zile. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, nasi twashangilia kila mwaka. Lakini ingia hospitalini umwone bibi kizee akipewa dawa ambayo maelezo yake yote yameandikwa kwa Kiingereza, akiondoka bila kujua ameze mara ngapi. Kule Split watu watatu waliamka usiku wa manane wakaunganisha lugha tatu ili mgeni asiyejulikana apate kusema anaumwa wapi. Sisi tunayo lugha moja iliyo tayari, na bado mgonjwa wetu hasikilizwi.

Dada amerudi kazini Ujerumani. Huniandikia kila wiki, na barua zake huanza kwa swali lile lile la muuguzi mzee. Nimeliingiza katika mhadhara wangu wa kwanza wa kila mwaka, kabla ya ramani na kabla ya majedwali ya maneno. Mwanafunzi anayetaka kujua lugha ni nini na aanze kwa kumwuliza mwenzake: unaumwa wapi?