Kumfundisha Mtoto Kutafuta

Mpe mtoto wa darasa la nne kamusi ya Kiswahili, umwambie atafute neno "nyuso". Atafungua herufi N, atateremsha kidole mpaka kwenye ny-, atapita nyuki, nyumba na nyundo, kisha atainua kichwa na kusema, "Mwalimu, halimo." Limo, ila linakaa kwenye U, kwa sababu kamusi zetu huorodhesha nomino kwa umbo la umoja: uso. Vivyo hivyo meno yako kwenye J, na ndimi ziko kwenye U. Vitenzi vina safari ndefu zaidi. "Alimpikia" halipatikani kwenye A. Mtoto lazima avue a-, kisha -li-, kisha -m-, abaki na pikia, na hapo atambue kwamba nyuma ya pikia kuna pika. Mwenzake anayetafuta neno la Kiingereza mara nyingi hukata mkia tu. Wetu huanza na kichwa, ndipo autazame mkia.

Nimeanza na kamusi kwa sababu nadhani stadi za maktaba zinaanzia hapo, na shule yenye kamusi moja tu inaweza kuanza kesho asubuhi. Tunapotaja maktaba tunafikiria jengo, rafu na mkutubi, na kwa kuwa shule nyingi za msingi hazina hata kimojawapo, tunaliahirisha somo lenyewe mpaka vipatikane. Lakini kutafuta ni kazi ya akili. Mtoto anajiuliza: aliyekipanga kitabu hiki alikipangaje? Nami niligeuze vipi neno nililo nalo ili likutane na mpango wake? Akiweza kufanya hivyo kwa neno "nyuso", ataweza kuitumia faharasa ya kitabu cha sayansi, na kesho katalogi ya chuo.

Kuna kikwazo ambacho walimu wa madarasa ya juu hawakitegemei. Watoto wengi wetu hujifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na njia hiyo inafaa kwa lugha inayosomwa kama inavyoandikwa. Tangu mkazo wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) uingie katika mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, sauti za herufi pia zimepewa nafasi kubwa. Hata hivyo, mtoto anaweza kusoma vizuri kabisa bila kujua kama P inatangulia R au inaifuata. Mpangilio wa alfabeti ni maarifa ya kutafutia, na asiye na kitu cha kutafuta hana sababu ya kuukariri. Dakika kumi kila siku kwa mwezi mmoja zinatosha: watoto wajipange mstari kwa majina yao, kisha kwa majina ya baba zao, kisha wale wenye herufi ya kwanza moja wagombane kwa amani juu ya herufi ya pili.

Shule niliyosoma ilikuwa na kabati la mbao katika ofisi ya mwalimu mkuu. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi, atlasi moja na kamusi mbili. Wakaguzi walipokuja vilitolewa na kupangwa mezani, na jioni vikarudi kufungiwa. Aliyeshika ufunguo hakuwa mtu mbaya. Vitabu vile viliandikwa katika daftari la mali ya shule, na kimoja kikipotea ndiye ambaye angeulizwa. Nimewasikia walimu wa leo wakiisema hofu hiyohiyo kwa maneno yaleyale, na siwalaumu. Wanaosimamia shule ndio wenye uwezo wa kuiondoa: waseme kwa maandishi kwamba kitabu kilichoraruka mikononi mwa watoto kimetumika, na mwalimu hatalipa. Bila ruhusa hiyo, kila sanduku la vitabu linaloletwa kwa msaada litaishia kabatini.

Juhudi za kuwafikishia watoto vitabu hazijakosekana. Huduma ya maktaba ya taifa nchini Kenya imekuwa ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia tangu 1996. Hapa Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991 ili waandishi na wachapishaji wa Kiswahili wapate sababu ya kuwahudumia watoto. Ninaziheshimu sana kazi hizi. Kinachonisumbua ni kile kinachotokea kitabu kikishafika: mtoto husomewa, hupigishwa makofi, lakini haonyeshwi jinsi ya kukirudia kitabu kile akiwa na swali lake mwenyewe.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake alitaka shule imjengee mtoto mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutoka kwa wengine na kuchagua kinachomfaa, na kujiamini. Tarehe 9 Desemba mwaka uleule aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Kwangu mimi matukio hayo mawili ni sentensi moja. Tumeisoma nusu yake ya kwanza katika semina nyingi, ilhali mtoto wa darasa la saba bado anapimwa zaidi kwa kuchagua herufi ya jibu ambalo mtu mwingine amekwisha kumwandikia. Siudharau mtihani, maana bila mtihani wengi wasingeitambua shule. Ila mtoto aliyezoea kupewa majibu kadhaa achague moja hana siku aliyofundishwa kutunga swali.

Kuhusu namba za vitabu nitasema kwa ufupi. Mpango wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza 1876, unagawa maarifa katika makundi kumi, na mtoto aliyekwisha kujifunza desimali anaweza kuufuata. Kiingereza kina kundi lake zima la 420. Lugha za Afrika zimebanwa pamoja kwenye 496, na Kiswahili kinapatikana baada ya nukta, 496.392. Mtoto wa darasa la sita anastahili kuelezwa kwamba huo ni mpango wa watu wa mahali fulani na wakati fulani. Kwa walio wadogo, utepe wa rangi kwenye mgongo wa kitabu unatosha: kijani kwa wanyama, nyekundu kwa hadithi.

Jambo zito zaidi liko kwenye kuandika. Tangu darasa la kwanza mtoto hunakili kutoka ubaoni, na anayenakili bila kosa hupewa alama ya vyema. Miaka kumi na mitano baadaye, chuoni, kijana huyohuyo anaambiwa kwamba kunakili ni wizi wa kitaaluma, na anashangaa kwa dhati. Hakuna aliyemwonyesha mahali ambapo sifa inageuka kuwa kosa. Dawa yake si ngumu. Soma ukurasa, funga kitabu, andika unachokumbuka kwa maneno yako, kisha fungua uone ulipokosea. Chini yake andika jina la kitabu na namba ya ukurasa, ili mwenzako naye aweze kwenda kutazama. Watoto wa miaka tisa huielewa sababu hiyo upesi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wao wenyewe huulizana kila siku, "Nani kakwambia?"

Swali hilo la mtaani linatosha hata mbele ya simu ya mzazi, inayotoa jibu kabla mtoto hajamaliza kuuliza. Nani kasema? Lini? Yupo mwingine anayesema tofauti? Mtoto asiyejiuliza hayo kwa kitabu hatajiuliza kwa kioo cha simu.

Katika darasa ninalolisaidia siku za Alhamisi, hapa Dar es Salaam, mtoto mmoja aliuliza kunguru hawa wametoka wapi. Tulianza kwa kuwatazama dirishani: wenye shingo ya kijivu walikuwa wengi, na mwenye kifua cheupe hakuonekana hata mmoja. Tukachukua kitabu cha ndege, tukaenda kwenye faharasa, tukapata kurasa tatu, mbili kati yake hazikuhusu swali letu. Ya tatu ilisema kunguru wa shingo ya kijivu asili yake ni India, na kwamba aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Wiki iliyofuata msichana mmoja alirudi na maneno ya bibi yake: kunguru hawakuletwa na mtu, walipanda meli wenyewe wakifuata makombo. Darasa lilitaka mwalimu aamue. Mwalimu aliandika maelezo yote mawili ubaoni, moja likiwa na namba ya ukurasa, lingine likiwa na jina la bibi na tarehe aliyoulizwa. Chini yake akaandika: tutajuaje? Kisha akalizungushia mstari, na kuwaomba watoto wa zamu ya usafi wasilifute mpaka Alhamisi.