Tairi la Ardhi Zote: Mpira, Udongo na Upepo

Gari la aina itumikayo sana katika safari za vijijini, likiwa limejazwa mafuta na kubeba watu na vifaa vyake, huwa na uzito wa takriban kilo 2,800. Uzito huo hugawanyika kwa magurudumu manne, hata kila gurudumu likabeba karibu kilo 700. Lakini gurudumu haliigusi ardhi ila kwa sehemu ndogo tu iliyo bapa chini ya tairi, na eneo la sehemu hiyo halizidi sana ukurasa mmoja wa daftari la mwanafunzi. Kurasa nne za daftari ndizo zinazolisukuma gari mbele, ndizo zinazolisimamisha breki zikanyagwapo, na ndizo zinazolizuia lisitoke njiani penye kona.

Ichukuliwe kwa mfano gari la wagonjwa la hospitali ya wilaya linalotumwa usiku wa masika kumchukua mama mwenye uchungu pingamizi. Njia yake ina kilomita 70 za lami, 40 za changarawe, na 9 za mwisho hupita mbugani, penye udongo mweusi. Kilomita hizo 9 hazifikii hata sehemu moja ya kumi ya safari, walakini ndizo ziwezazo kuamua kama mama atafika hospitali. Dereva, kwa haki kabisa, huomba matairi yenye kashata ndefu kwa ajili ya kilomita 9. Mhasibu, naye kwa haki, huzifikiria kilomita 70 na kusema kwamba matairi ya namna hiyo huisha upesi na huongeza matumizi ya mafuta. Kuna na jambo la tatu ambalo aghalabu wote wawili hulisahau: matairi yafaayo tope hayashiki vema lami iliyolowa, na mgonjwa aweza kuangamia juu ya lami vilevile.

Watengenezaji wa matairi hutoa majibu matatu kwa tatizo hili. Tairi lenye alama H/T lina kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka usoni pa tairi, zilizokaribiana sana na kutengwa na mifereji myembamba. Hilo ni la lami na barabara nzuri. Lenye alama M/T lina kashata kubwa zilizoachana, na mifereji yake ni mipana na yenye kina. Hilo ni la tope. Katikati yake liko A/T, ambalo laweza kuitwa tairi la ardhi zote. Jina hilo lisimdanganye mtu. Tairi la ardhi zote si tairi lishindalo mengine kila mahali. Ni suluhu kati ya madai yanayopingana, na kama suluhu zote, kila upande umepoteza kitu. Herufi M+S, zionekanazo kwenye matairi mengi, nazo hudai kwamba tairi lafaa tope na theluji. Kwa kawaida herufi hizo huonyesha umbo la mifereji tu, wala si ushahidi kwamba tairi limepimwa katika tope lolote.

Ili kuelewa kwa nini suluhu hiyo ni ngumu, hapana budi kutazama kinachotokea chini ya tairi. Juu ya lami, ambayo haibonyei, mshiko hutokana na mpira wenyewe: mpira hujibana na vijitundu vya lami, na kadiri mpira mwingi unavyoigusa njia ndivyo mshiko unavyokuwa imara. Kashata zilizoachana hupunguza mpira unaogusa. Juu ya ardhi laini mambo hugeuka, kwani hapo kinachoshindwa si mpira bali ni udongo. Tairi husukuma udongo nyuma. Udongo ukikatika, gurudumu huzunguka bure.

Mfaransa Charles Coulomb, ambaye wanafunzi humjua zaidi kwa sheria yake ya umeme, ndiye aliyeonyesha katika karne ya 18 kwamba nguvu ya udongo ya kukataa kukatika ina asili mbili. Ya kwanza ni msuguano wa punje kwa punje, nao huongezeka kadiri udongo unavyokandamizwa na uzito. Ya pili ni kule kushikamana kwa udongo wenyewe, ambako hakutegemei uzito bali ukubwa wa eneo linalokatwa. Mchanga mkavu una asili ya kwanza tu. Udongo wa mfinyanzi uliolowa chepechepe una karibu ya pili peke yake. Ndiyo maana kupakia magunia zaidi nyuma ya gari ili lishike, kama wafanyavyo baadhi ya madereva, hakusaidii kitu katika tope la mfinyanzi. Uzito hulizamisha gari, na udongo haupati nguvu mpya.

Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Usukuma na bonde la Wembere, au wa nyanda za Athi nchini Kenya, ni mfano mkali wa jambo hili. Mfinyanzi wake una madini ambayo chembe zake zimepangwa tabaka tabaka kama kurasa za kitabu, na maji huingia kati ya tabaka hizo. Wakati wa kiangazi udongo hukauka na kupasuka nyufa ambazo mguu waweza kutumbukia. Mvua ikinyesha huvimba, hulainika na kunata. Tairi la A/T likizunguka mara chache tu humo, mifereji yake hujaa udongo, nalo hugeuka kipara likiwa bado jipya. Mifereji mipana ya M/T hujisafisha kwa sababu gurudumu likizunguka upesi hulirusha tope nje. Hapa dereva yu sahihi: hakuna A/T ilinganayo na M/T katika mbuga iliyolowa. Hata hivyo, iwapo mvua imelowesha sentimita chache tu za juu na chini yake kuna ardhi kavu, tairi jembamba hupasua tope na kukanyaga pagumu, hali tairi pana huelea juu ya utelezi.

Mchangani mambo ni mengine tena. Kashata kali za M/T, gurudumu likizunguka kwa nguvu, huchimba kama jembe, na gari hujizika lenyewe hadi kwenye ekseli. Somo la mchanga lilijifunzwa vema na Ralph Bagnold, mwanajeshi na mhandisi Mwingereza, ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 alisafiri na wenzake kwa magari ya Ford katika jangwa la Libya, magharibi ya mto Nile. Magari yale hayakuwa na nguvu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, wala matairi yao hayakuwa na kashata za kutisha. Walipunguza upepo katika matairi, wakabeba vipande vya chuma vya kutia chini ya magurudumu, wakavuka matuta ya mchanga yaliyodhaniwa kuwa hayapitiki kwa gari. Maarifa hayo yalitumika kuunda kikosi cha jangwani cha Long Range Desert Group mwaka 1940, na mwaka uliofuata Bagnold alitoa kitabu, The Physics of Blown Sand and Desert Dunes, ambacho wanasayansi wa mchanga hukitumia hadi leo.

Hesabu ya jambo hilo yaweza kufanywa darasani. Kanieneo ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Gurudumu linalobeba kilo 700 huikandamiza ardhi kwa kani ya nyutoni 6,870 hivi. Tairi likiwa na upepo wa kilopaskali 240, ambao mafundi huuita paundi 35, eneo la mguso huwa takriban sentimita za mraba 286. Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 120, eneo hukua kufikia sentimita za mraba 572, yaani mara mbili. Kwa kweli ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ya uzito, kwa hiyo tarakimu hizi ni za kukadiria. Lakini mwelekeo wake ni sahihi. Ukurasa mmoja wa daftari umekuwa kurasa mbili, na hakuna senti iliyotumika. Mchangani gari halizami sana. Katika mfinyanzi eneo la kukatwa limeongezeka, na nguvu ya udongo imeongezeka pamoja nalo. Ajabu ni kwamba watu hutoa fedha nyingi kununua kashata, wasitumie dakika kumi kupunguza upepo.

Sharti la njia hiyo ni moja, nalo ni zito. Upepo uliopunguzwa hauna budi kurudishwa kabla ya kukimbia juu ya barabara ngumu. Tairi lenye kipenyo cha milimita 776, gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzunguka kama mara 9 kila sekunde, na kila mzunguko ubavu wake hupinda na kunyooka. Mpira haurudishi nishati yote iliyoupinda. Sehemu hubaki ndani kama joto. Tairi lenye upepo mdogo au mzigo mkubwa hupinda zaidi, hupata joto zaidi, na mwishowe tabaka zake huachana. Matairi mengi yanayosemwa kuwa yamepasuka kwa bahati mbaya yalikuwa yakipikwa polepole tangu asubuhi.

Kuna kosa jingine linalofungamana na joto. Dereva apimaye upepo baada ya safari ndefu huuona umepanda, akautoa. Tuseme tairi lilikuwa na kilopaskali 240 alfajiri, halijoto ikiwa nyuzi 27. Kwa kuwa anga lenyewe lina kilopaskali 101, kanieneo kamili ndani ya tairi ni 341. Tairi likipata joto la nyuzi 57, yaani kutoka 300 hadi 330 kwa kipimo cha Kelvin, kanieneo kamili huwa 375, na geji husoma 274. Upepo haukuongezwa na mtu. Umetanuliwa na joto. Ukitolewa wakati huo, asubuhi inayofuata tairi litakuwa pungufu. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi.

Juu ya changarawe adui ni jiwe. Vijiwe vyenye ncha hukata kashata, na vingine hukwama mifereji ikivisukuma ndani hadi kwenye nyuzi za chuma. Hapa tairi la A/T ndipo linapostahili jina lake, almuradi liwe la muundo wa magari ya mizigo, lenye herufi LT, ambalo ubavu wake ni mnene zaidi. Muundo huo ni muhimu kuliko umbo la kashata, lakini hauonekani kwa macho, unasomwa. Alama 265/65R17 112S, kwa mfano, husema kwamba tairi lina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radiali, nalo huvaa rimu ya inchi 17. Tarakimu 112 maana yake ni kilo 1,120, mzigo wa juu kabisa wa tairi hilo moja, na S ni mwendo wa kilomita 180 kwa saa. Mtu akizidisha kwa nne hupata kilo 4,480 na kufurahi, akisahau kwamba mizigo yetu hukaa nyuma, na magurudumu mawili ya nyuma huweza kubeba sehemu kubwa ya uzito wote.

Wako pia wanaopenda tairi kubwa kwa ajili ya sura ya gari. Anayeondoa tairi hilo na kuweka 285/70R17 huongeza kipenyo kutoka milimita 776 hadi 831, yaani asilimia 7. Gari huinuka milimita 27 tu, lakini kipima mwendo sasa husema uongo: kikisoma 80, gari liko karibu 86. Breki na injini nazo hufanya kazi dhidi ya wenzo mrefu zaidi. Faida ni ndogo kwa gharama hiyo.

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971, kisimame mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, mnunuzi wa Tanzania hutegemea matairi ya kutoka nje, mengine yakiwa ya mitumba. Hapo tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zina thamani kubwa. 3523 ni juma la 35 la mwaka 2023. Oksijeni, ozoni na jua huukausha mpira hata kama tairi halikutembea, na watengenezaji wengi hushauri kwamba tairi lisitumike baada ya miaka 10 tangu lilipotengenezwa, hata kashata zikiwa ndefu. Nyufa nyembamba ubavuni ni dalili ya uzee, na rangi nyeusi inayopakwa dukani huzificha.

Kwa gari la wagonjwa la wilaya, basi, chaguo lenye hoja nzuri ni tairi la A/T la muundo wa LT, la kipimo kile kile alichokiweka mtengenezaji wa gari, pamoja na geji, pampu inayotumia betri ya gari, koleo, na vipande viwili vya chuma kama vya Bagnold. Kabla ya kuingia mbugani dereva hushusha upepo na kwenda polepole. Akirudi kwenye changarawe huupandisha. Penye wilaya ambayo sehemu kubwa ya njia ni udongo mweusi na lami iko mbali, hesabu hugeuka, na M/T huwa halali, kwa sharti kwamba mwendo juu ya lami iliyolowa upunguzwe. Matairi yanunuliwe matano, si manne. Gari lisilo na difu ya katikati, likiwekwa katika hali ya kuvuta kwa magurudumu yote, huumia likiwa na tairi moja lenye kipenyo tofauti; tena tairi la akiba, ambalo hukaa chini ya gari likipigwa na mawe na matope, ndilo lisilopimwa upepo hadi usiku ule linapohitajiwa.