Mihogo: Adui aliyejificha ndani ya pingili

KATIKA kijiji cha Ikombe, kandokando ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ardhi ya kulima si ya kuchezea. Mbele ni maji, nyuma ni Milima ya Livingstone. Kinamama wa Kikisi hufinyanga vyungu na kuviuza kwenye gulio la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema. Wengine huishi kwa uvuvi, na kwenye miteremko hulimwa mihogo.

Mkulima wa mihogo kwa kawaida hanunui mbegu dukani. Hukata pingili shambani kwake au kwa jirani, hupanda na kusubiri karibu mwaka mzima. Hasara inaweza kumkuta siku ya kuvuna: majani yalipendeza, lakini muhogo ukikatwa una madoa magumu ya kahawia. Haufai kuliwa wala kuuzwa. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa Tanzania mwaka 1936, na uliozoeleka pwani ya Afrika Mashariki na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Iweje pingili nzuri kwa macho izae mihogo mibovu? Jibu limo ndani ya chembe hai za mmea.

Maelekezo yaliyo kwenye kiini

Chembe hai ya muhogo ina kiini, na ndani yake mna DNA. Hizi ni nyuzi mbili zilizosokotana kama kamba, zikishikana kwa kemikali za aina 4 zinazoandikwa kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, G hushikana na C. Hivyo nyuzi zikiachana, kila mmoja huonyesha jinsi ya kuutengeneza mwenzake. Umbo hilo lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za Rosalind Franklin.

Mpangilio wa herufi hizo ndio maelekezo ya mmea. Ndiyo maana pingili ya muhogo mtamu huzaa muhogo mtamu.

DNA hiyo hubaki kwenye kiini. Kinachotoka ni nakala yake, RNA, ambayo ni uzi mmoja na ina herufi U badala ya T. Nje ya kiini, RNA husomwa na ribosomu, ambazo hutengeneza protini za kuujenga mmea.

Virusi viwili, njia mbili

Virusi vya batobato vina DNA. Huingia kwenye kiini na kuifanya chembe hai ivinakili. Majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, hivyo mkulima huviona mapema.

Virusi vya michirizi vina RNA yenye herufi zipatazo 9,000. Havihitaji kuingia kwenye kiini. Ribosomu huisoma RNA yao kana kwamba ni ya muhogo wenyewe, na mmea hujikuta ukimtumikia adui.

Vyote huenezwa na nzi weupe na kwa pingili zenye maambukizi. Hakuna dawa ya kupulizia inayoponya mmea ulioambukizwa.

Kuanzia mwaka 2017, watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, akiwamo Dk. Joseph Ndunguru, kwa kushirikiana na wenzao wa Australia, walijaribu mashine ya mkononi inayosoma herufi hizo na kupata majibu kwa siku chache badala ya miezi.

La kufanya

Kwa mkulima asiye na mashine, kinga ni mbegu. Akague mashina yenye michirizi na majani ya chini yenye unjano kandokando ya mishipa. Wakati wa kuvuna akate mihogo ya kila shina, na lenye madoa asilitoe mbegu. Ang'oe mapema mimea inayougua, na asisafirishe pingili kutoka eneo lenye ugonjwa.

Zipo pia aina zinazostahimili michirizi, kama Kiroba na Chereko. Anunue pingili zilizothibitishwa na TOSCI, na amuulize ofisa ugani kabla ya msimu.

Gharama ya mbegu safi hulipwa mara moja. Pingili chafu hula mwaka mzima wa jasho.