Mahakama za Afya ya Akili: Jinsi zinavyoanzishwa, na njia iliyopo kisheria kwa mkazi wa Bugene

KARAGWE, KAGERA

Mtu anayeugua ugonjwa wa akili anapotuhumiwa kutenda kosa la jinai, mambo mawili huhitaji kushughulikiwa kwa pamoja: haki ya aliyetendewa kosa na matibabu ya mtuhumiwa. Likiangaliwa jambo moja pekee, jingine huharibika. Mgonjwa akifungwa bila tiba, hurudi uraiani akiwa katika hali mbaya zaidi. Naye mlalamikaji akiambiwa tu kuwa “huyo ni mgonjwa, msamehe”, hubaki na hasara yake na hofu ya tukio kujirudia.

Katika baadhi ya nchi, hali hiyo ndiyo iliyozaa mahakama maalumu za afya ya akili. Tanzania haina mahakama ya aina hiyo iliyoundwa kisheria. Hata hivyo, sheria za nchi zimeweka utaratibu unaopaswa kufuatwa, na mwananchi wa Kata ya Bugene, sawa na wa kata nyingine za Karagwe na Kyerwa, ana wajibu na nafasi katika utaratibu huo.

Zilikoanzia

Mahakama ya afya ya akili inayotajwa kuwa ya kwanza nchini Marekani ilianza mwezi Juni mwaka 1997 katika Kaunti ya Broward, Jimbo la Florida, chini ya Jaji Ginger Lerner-Wren. Mwaka 2000 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kusaidia kugharimia mahakama za namna hiyo, na leo zipo zaidi ya 300.

Mahakama hizo hazikuanza kwa kujenga majengo mapya. Kwa kawaida, jaji wa eneo husika huwakutanisha mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, polisi, uongozi wa magereza, watoa huduma za afya na wawakilishi wa familia za wagonjwa. Kikundi hicho hukubaliana juu ya mambo manne: makosa yatakayopokelewa, atakayethibitisha ugonjwa, mahali mgonjwa atakapotibiwa, na atakayefuatilia maendeleo yake.

Mshtakiwa huingia katika mpango huo kwa hiari yake. Hupangiwa matibabu na hurejea mbele ya jaji kila baada ya muda kueleza maendeleo yake. Akitimiza masharti, shtaka huweza kufutwa au adhabu kupunguzwa.

Utaratibu huo nao una kasoro zake. Baadhi ya wanasheria huonya kuwa mgonjwa anaweza kukiri kosa ili tu apate tiba, ambayo alistahili kuipata hata bila kushtakiwa. Aidha, pasipokuwa na dawa wala wataalamu, amri ya jaji ya kumtibu mtu hubaki kwenye karatasi. Ndiyo maana jamii zilizofanikiwa zilianza kwa kuimarisha huduma.

Sheria za Tanzania zinasemaje

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 12, inamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 13 kinaeleza kuwa mtu hawajibiki kijinai iwapo, kutokana na ugonjwa wa akili, wakati wa tukio hakuweza kuelewa anachokitenda, hakuweza kutambua kuwa hakupaswa kukitenda, au hakuwa na uwezo wa kujizuia. Hivyo, kuwa na ugonjwa wa akili peke yake hakumwondolei mtu hatia. Kinachoangaliwa ni hali yake wakati kosa linatendeka.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika toleo la mwaka 2022, inatenganisha hali mbili. Ya kwanza, chini ya kifungu cha 216, ni pale mshtakiwa anapoonekana hawezi kujitetea kwa sababu ya hali ya akili aliyonayo wakati kesi inaendelea. Ya pili, chini ya vifungu vya 219 na 220, inahusu hali yake ya akili siku ya tukio.

Katika hali hiyo ya pili, Mahakama inaweza kuahirisha kesi na kuamuru mshtakiwa apelekwe katika hospitali ya magonjwa ya akili kwa uchunguzi, hata kama hakuna ushahidi wa ugonjwa uliokwisha kutolewa. Mganga msimamizi wa hospitali hiyo anatakiwa kuwasilisha taarifa ya maandishi mahakamani ndani ya siku 42. Ikithibitika kuwa kitendo kilifanyika lakini mtendaji hakuwa na akili timamu, Mahakama hutoa uamuzi maalumu unaoeleza hivyo, na mhusika huwekwa chini ya ulinzi na matibabu badala ya kutumikia kifungo.

Wahusika wa namna hiyo hupokelewa katika Taasisi ya Isanga, iliyo sehemu ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe jijini Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Kwa familia ya Bugene, hiyo ni safari ya mamia ya kilomita. Umbali huo ni sababu tosha ya kutaka ugonjwa ushughulikiwe mapema, kabla haujafika mahakamani.

Matibabu kwa mtu asiye na kosa lolote yanasimamiwa na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo imeweka utaratibu kwa mgonjwa anayekwenda hospitali kwa hiari na kwa yule anayelazimu kupelekwa.

Je, jamii inaweza kuanzisha mahakama?

Kijiji, kata au halmashauri haina mamlaka ya kuunda mahakama. Mahakama huundwa kwa sheria. Hata hivyo, upo mfano wa karibu unaoonesha njia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilianzisha Mahakama ya Watoto na kumruhusu Jaji Mkuu kutangaza majengo ya Mahakama za Mwanzo yatumike kwa kazi hiyo. Sheria hiyo inataka pia ofisa ustawi wa jamii awepo shauri linaposikilizwa. Vilevile, mwaka 2021 Kituo Jumuishi cha masuala ya mirathi na familia kilianza kazi Temeke, Dar es Salaam. Hatua kama hizo zikionekana kuhitajika kwa afya ya akili, pendekezo litapitia kwa wawakilishi wa wananchi na vyombo vya utungaji sheria.

Kinachoweza kufanyika sasa

Wakati hilo likisubiri, jamii inaweza kutekeleza kwa vitendo mambo yanayozifanya mahakama hizo zifanikiwe.

Kwanza, familia itunze kadi za kliniki, vyeti vya dawa na barua za rufaa. Kijana akikamatwa kwa kuvunja duka wakati ugonjwa umempanda, kumbukumbu hizo zinaweza kuisaidia Mahakama kuona haja ya uchunguzi. Bila hizo, ndugu hubaki na maneno matupu.

Pili, taarifa itolewe mapema kwa polisi, mwendesha mashtaka na hakimu. Mtu aliyechanganyikiwa mara nyingi hawezi kujieleza, na pengine hajitambui kuwa anaumwa. Ndugu wasisubiri siku ya hukumu ndipo waseme.

Tatu, mtendaji wa kijiji au kata, polisi kata, ofisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wafahamiane na kukubaliana nani ataitwa kwanza mgonjwa anapozidiwa. Kumfunga kamba, kumpiga au kumficha ndani si tiba, na kunaweza kumwingiza aliyefanya hivyo katika kosa la jinai.

Nne, mlalamikaji asisahaulike. Aelezwe hatua zinazochukuliwa, naye awe huru kutoa ushahidi wake bila kushinikizwa na ukoo wa mgonjwa.

Tano, na pengine lililo gumu kuliko yote, mgonjwa apokelewe anaporudi. Daktari anaweza kuthibitisha kuwa amepata nafuu na mamlaka zikaridhia aondoke, lakini asipokuwa na pa kwenda, uhuru huo hauna maana kwake. Nyumba iliyo tayari kumpokea, mtu wa kumkumbusha dawa na jirani asiyemwita kwa jina la ugonjwa wake ni mambo ambayo hakimu hawezi kuyaamuru. Hayo huanzia katika familia na kijiji chake.