Neno "Gofu": Maana na Matumizi Yake katika Kutaja Meli

Nomino "gofu" ina maana ya msingi ya kitu kilichochakaa au kubomoka hata kisifae tena kwa kazi yake, ingawa umbo lake bado linatambulika. Hivyo husemwa "magofu ya Kilwa Kisiwani" na, kwa maana hiyohiyo, "gofu la meli".

Neno hili lisichanganywe na maneno yanayokaribiana nalo. "Meli kongwe" ni ya zamani, lakini huenda bado inasafiri. "Mabaki ya meli" huweza kuwa vipande tu. "Meli iliyozama" yaweza kuwa nzima. Tuchukue mfano wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha kwa makusudi meli yao Goetzen, baada ya kupaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, nayo ikaanza kusafiri tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Ilizama, lakini haikuwa gofu. Kinyume chake, meli Robert Coryndon iliyovunjikia Butiaba, katika Ziwa Albert nchini Uganda, iliachwa hapo miaka mingi ikiliwa na kutu. Hilo ndilo gofu.

Kisarufi, "gofu" limo katika ngeli ya LI-YA, ilhali "meli" imo katika ngeli ya I-ZI. Wanafunzi wengi hukosea kwa kufuata nomino iliyo karibu na kitenzi:

(1) *Gofu ya meli imeachwa ufukweni.
(2) Gofu la meli limeachwa ufukweni.
(3) Magofu ya meli yameachwa ufukweni.

Sentensi ya (1) si sanifu, kwa kuwa nomino kuu ni "gofu", na ndiyo inayotawala upatanisho. Hata hivyo, mwalimu asiharakishe kusahihisha kila "i-" anayoikuta. Tazama sentensi hii:

(4) Gofu la meli iliyojengwa Uingereza limeondolewa bandarini.

Hapa "iliyojengwa" ni sahihi, kwani kilichojengwa ni meli. Hakuna ajengaye gofu. Kilichoondolewa ni gofu, ndiyo maana kitenzi kikuu ni "limeondolewa". Kwa hiyo, kabla ya kutia alama ya kosa, jiulize: kitenzi hiki kinaeleza nomino ipi?

Zipo tanbihi mbili. Kwanza, "gofu la mtu" ni sitiari ya mtu aliyekonda mno. Ni kauli inayoweza kuudhi, hasa ikimlenga mgonjwa. Pili, "gofu" la mchezo ni neno jingine, lililotoholewa kutoka Kiingereza, na hufuata ngeli ya I-ZI: "Gofu inachezwa uwanjani." Tahajia ni moja, upatanisho ndio unaotenganisha maana.

Zoezi: Tunga sentensi mbili zenye kirai "gofu la meli". Katika ya kwanza, kirejeshi kirejelee "gofu". Katika ya pili, kirejelee "meli". Eleza tofauti ya maana.