Je, Wajua? Bahasha ya kondakta

Je, wajua kwamba kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, hela nyingi za matumizi kutoka Dar es Salaam zilifika Pasiansi, Mwanza, ndani ya bahasha? Zilisafiri zaidi ya kilomita 1,000 mfukoni mwa dereva au kondakta wa basi, naye akiachiwa ya soda. Mpokeaji alizifuata stendi, akapewa na habari juu: mtoto kaota meno, mjomba bado anakohoa.

Siku hizi simu inatetemeka kando ya sahani ya sato. Hela imeingia kwa sekunde, na kwa mwenye mgonjwa hilo si dogo. Ila meseji ya muamala hutaja jina, kiasi na salio; salamu ya Kisukuma, “mwangaluka”, haimo.